Chombo Ambacho Hakikupita Juu ya Ziwa

Jumanne ya tarehe 20 Februari 1962, Mwanza ulikuwa mji wa pamba. Mashambani Usukuma palizi ilikuwa inaendelea, vinu vya kuchambulia pamba vya VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika lililojengwa na Paul Bomani na wenzake, vikingoja msimu wa ununuzi. Katika ziwa, meli ya Victoria ilikuwa haijamaliza mwaka wake wa kwanza wa kazi. Tanganyika huru ilikuwa na wiki kumi na ushei. Julius Nyerere alikuwa amejiuzulu uwaziri mkuu mwezi mmoja tu kabla, na Rashidi Kawawa ndiye aliyekuwa ameshika usukani wa serikali.

Muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado halijazama, mtu mmoja alipita katika anga la Kanda ya Ziwa. Alikuwa John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, ndani ya chombo chake Friendship 7. Alikuwa juu sana na mchana ulikuwa haujaisha, kwa hiyo aliyekuwa shambani au ufukweni asingeweza kumwona kwa macho. Kwa mwendo wake wa kilomita 28,000 hivi kwa saa, kulivuka ziwa zima kulihitaji nusu dakika.

Njia yake mtu anaweza kuithibitisha mwenyewe kwa ramani na rula. Katika safari za mradi wa Mercury, uliomrusha Glenn, mzunguko wa kwanza ulianzia Florida, ukavuka Atlantiki, ukapita Visiwa vya Kanari, kisha Kano kaskazini mwa Nigeria, kisha Zanzibar. Ukipiga mstari kutoka Kano hadi Zanzibar, mstari huo unakata Kongo, unaingia Ziwa Victoria upande wa Kagera na kutokea karibu kabisa na mji wa Mwanza. Kutoka hapo hadi Unguja, safari ambayo kwa treni na meli ilimla mtu zaidi ya siku nzima, Glenn aliimaliza kwa muda usiofika dakika mbili.

Wengine watatu walimfuata: Scott Carpenter Mei 1962, Walter Schirra Oktoba 1962, na Gordon Cooper Mei 1963. Wa tano angekuwa Alan Shepard. Chombo chake kilikuwa kimeshaundwa, kikafanyiwa marekebisho na kupakwa jina ubavuni. Hakikuruka. Leo kimo katika makumbusho huko Marekani, na kwa kuwa hakikuruka, kimetunza mambo ambayo vyombo vilivyokwenda na kurudi haviwezi tena kuyaonyesha. Historia yake inagusa Zanzibar moja kwa moja, na inawahusu watu wa Mwanza kwa namna ambayo haijasimuliwa vya kutosha.

Wakati ule hapakuwa na setilaiti za kupokezana sauti kati ya anga na ardhi. Chombo kilichozunguka dunia kilisikika tu kilipokuwa juu ya kituo chenye antena, na kila kituo kilikipata kwa dakika chache kabla hakijazama upande wa pili wa upeo. Ndiyo maana Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilihitaji mlolongo wa vituo 18 kuuzunguka ulimwengu, vikiwemo viwili vilivyokuwa ndani ya meli, moja Atlantiki na nyingine Bahari ya Hindi. Kazi ya kuvijenga ilipewa kampuni zilizoongozwa na Western Electric, na ilikamilika mwaka 1961.

Afrika ilikuwa na viwili, Kano na Zanzibar. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza, kwa hiyo makubaliano yalitiwa saini Oktoba 1960 kati ya London na Washington. Kituo kilijengwa Tunguu, nje ya mji, katika mashamba ya Unguja. Hakikuwa na rada. Kazi yake ilikuwa kuzungumza na mwanaanga na kupokea kwa redio vipimo vya chombo na vya mwili wake: mapigo ya moyo, joto la chumba, kiasi cha oksijeni, nguvu ya betri. Kwa mtu aliyeko peke yake angani, sauti kutoka Tunguu ilikuwa ya mwisho kutoka bara la Afrika kabla hajaingia katika giza la Bahari ya Hindi, kwani Glenn aliliona jua lake la kwanza likizama akiwa juu ya bahari hiyo.

Wazanzibari hawakukipokea kwa kauli moja. Siasa ya visiwa ilikuwa imechemka, vita baridi vilikuwa vimepamba moto, na neno roketi lilikuwa na maana ya silaha kwa watu wengi duniani. Chama cha Hizbu, ZNP, kilikipinga kituo hadharani, na ndani yake Abdulrahman Babu alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi. Hofu yao ilikuwa na msingi. Ikiwa Marekani na Urusi zingepigana, kisiwa chenye mitambo ya roketi ya upande mmoja kingeweza kugeuka shabaha ya upande mwingine, na watu wa kisiwa hawakuwa wameulizwa. Wamarekani walijibu kwamba kituo ni cha sayansi, kwamba hapo harushwi mtu wala kombora, na kwamba kazi yake ni kusikiliza. Mabishano hayo hayakwisha hadi siku kituo kilipofungwa.

Katikati ya mvutano huo, kituo kilifanya kazi yake. Novemba 1961 alipita sokwe aitwaye Enos, aliyeizunguka dunia mara mbili kabla ya binadamu wa Marekani kuthubutu. Mei 1963 akapita Gordon Cooper, aliyekaa angani saa 34 na kuzunguka mara 22. Viongozi wa Afrika walikuwa wakikusanyika Addis Ababa kwa mkutano uliozaa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Cooper, akipita eneo la Zanzibar, alituma salamu kwa redio kwa bara zima na kuwatakia heri viongozi hao. Mei 25 Nyerere na wenzake walitia saini mkataba wa umoja huo.

Vyombo vya Mercury viliundwa na kampuni ya McDonnell mjini St. Louis, jimbo la Missouri. Vilivyoagizwa kwa safari vilikuwa 20, kila kimoja na namba yake. Namba hazikufuata mfuatano wa safari: Shepard alitumia namba 7, Glenn namba 13, Cooper namba 20. Kimoja, namba 11, kilizama Atlantiki Julai 1961 baada ya mlango wake kufyatuka, na kilikaa chini ya bahari hadi kilipoopolewa mwaka 1999.

Namba 15 ilirudishwa kiwandani kurekebishwa kwa ajili ya safari ndefu. Ikaitwa 15A, kisha 15B. Ilipangiwa safari ya mwisho ya mradi, iliyotarajiwa kuwa ndefu kuliko ya Cooper, na rubani wake alikuwa Shepard.

Shepard alikuwa na deni la moyo na safari hiyo. Tarehe 5 Mei 1961 alikuwa Mmarekani wa kwanza kufika angani, lakini safari yake ilikuwa ya kupanda na kushuka tu: dakika 15, kutoka Florida hadi baharini, bila kuizunguka dunia. Yuri Gagarin alikuwa ameshaizunguka wiki tatu kabla yake. Shepard hakuwa ameiona Afrika. Kwa chombo namba 15B angeliona bara hili zima, na katika mzunguko wake wa kwanza angepita katika njia ileile ya Glenn, Kano hadi Zanzibar, ziwa likiwa chini yake. Chombo chake cha kwanza kilikuwa kimeitwa Freedom 7, na kwa kumbukumbu ya hicho alikiandika kipya Freedom 7 II.

Safari ya Cooper ndiyo iliyomfungia njia. Mitambo ya umeme ilimharibikia katika mizunguko ya mwisho, akarudi akikiongoza chombo kwa mkono, akatua salama karibu na meli iliyokuwa ikimsubiri. Kwa wakuu wa NASA hilo lilitosha. Mercury ilikuwa imefundisha ilichoweza kufundisha, na fedha na watu walihitajika kwa mradi uliofuata, Gemini, wenye vyombo vya watu wawili. Shepard alipeleka ombi lake hadi kwa Rais John Kennedy mwenyewe, naye Kennedy akaacha uamuzi kwa mkuu wa NASA, James Webb. Tarehe 12 Juni 1963 Webb aliieleza kamati ya Baraza la Seneti kwamba hakutakuwa na safari nyingine ya Mercury.

Shepard alipatwa na ugonjwa wa sikio la ndani uliomzuia kuruka kwa miaka. Alipona baada ya upasuaji, na Februari 1971 alitembea juu ya mwezi akiwa kamanda wa Apollo 14. Chombo chake cha pili kilikuwa kimebaki ardhini.

Kwa miaka mingi 15B kilionyeshwa California, katika kituo cha utafiti cha NASA kiitwacho Ames. Sasa kiko Chantilly, jimbo la Virginia, katika jengo la Udvar-Hazy la taasisi ya Smithsonian, karibu na uwanja wa ndege wa Dulles. Jengo hilo lilifunguliwa Desemba 2003, na ukumbi wake wa vyombo vya anga una jina la James McDonnell, mwanzilishi wa kampuni iliyokiunda.

Anayekikaribia hushangazwa kwanza na udogo wake. Umbo ni kama la kengele, na upana wa kitako haufiki mita mbili. Mwanaanga hakuwa na nafasi ya kunyoosha miguu wala ya kusimama. Nje kimevikwa mabati membamba meusi yenye mifereji, madini yaliyochaguliwa kwa kustahimili moto. Juu kuna pua ya duara, ambamo parashuti zimekunjwa na antena zimefichwa. Chini, kitakoni, kuna ngao ya joto, na mbele ya ngao hiyo kuna mzigo mdogo wa rangi ya fedha na nyeusi uliofungwa kwa mikanda mitatu ya chuma.

Mzigo huo ndio unaokifanya 15B kiwe cha pekee. Ndani yake kuna roketi tatu za kupunguzia mwendo. Chombo kilichoko angani hakianguki chenyewe haraka. Ili kirudi, ni lazima kikatwe kasi. Rubani aligeuza kitako mbele, roketi zikawaka moja baada ya nyingine, mwendo ukapungua kiasi cha kukifanya chombo kiinamie dunia. Kazi hiyo ikiisha, mikanda ilifyatuliwa na mzigo mzima ukatupwa, ukaungua angani, ili ngao ya joto ibaki wazi kupambana na moto wa hewa. Baadaye, karibu na bahari, pua nayo ilichomoka ili parashuti zitoke.

Kwa maneno mengine, chombo cha Mercury kilichorudi kilirudi kimekatwa juu na chini. Friendship 7 ya Glenn, inayotazamwa na mamilioni ya watu mjini Washington, haina pua yake ya safari wala roketi zake za kurudia. Kitako chake kimeungua. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa, na alama zake za moto ni ushahidi wa thamani. Lakini anayetaka kujua kile kilichopita juu ya ziwa jioni ile kilikuwaje, kikiwa kizima, kwa umbo lake la angani, itambidi akitazame chombo ambacho hakikupita. Vilivyobaki vya namna hiyo, vyenye umbo kamili la kuzunguka dunia, ni viwili tu.

Jambo hilo linaeleweka zaidi kwa kukumbuka kilichompata Glenn mwenyewe. Akiwa mzunguko wa pili, kipimo kimoja kilionyesha ardhini kwamba ngao yake ya joto imelegea. Kama ilikuwa kweli, angeungua. Waongozaji wakaamua asiutupe ule mzigo wa roketi, wakitumaini mikanda yake itaishikilia ngao mahali pake. Glenn akashuka na mzigo ukiwa bado umefungwa, akaona vipande vinavyowaka moto vikipita dirishani bila kujua kama ni mzigo unaokatika au ni ngao yenyewe. Ilikuwa mikanda na mzigo. Ngao ilikuwa nzima, kipimo ndicho kilichokosea. Mtu anaweza kusoma kisa hicho katika kitabu akakisahau. Akiiona mikanda yenyewe katika 15B, unene wake na pale ilipofungwa, anaelewa maisha ya mtu yalitegemea nini.

Makumbusho ya dunia yana ndugu kadhaa wa 15B. Enterprise, ndege ya anga iliyojaribiwa mwaka 1977 kwa kuachiwa kutoka mgongoni mwa ndege kubwa, haikuwahi kufika angani, na sasa iko New York juu ya meli ya makumbusho ya Intrepid. Houston kuna roketi ya Saturn V iliyolazwa, yenye sehemu zilizoundwa kwa safari za mwezini zilizofutwa. Warusi walipata hasara upande huu. Buran, ndege yao ya anga iliyoruka mara moja tu mwaka 1988 bila watu, iliwekwa katika banda huko Baikonur. Mei 2002 paa liliporomoka, likaiponda na kuwaua wafanyakazi wanane. Chombo hakikai salama kwa umaarufu wake. Kinahitaji paa, bajeti, na watu walioamua kukitunza.

Kituo cha Tunguu hakikupata watu wa namna hiyo. Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, mwezi mmoja na siku mbili baada ya uhuru. Wamarekani wengi waliondolewa siku iliyofuata kwa manowari Manley. Serikali ya Abeid Amani Karume, ambamo Babu alikuwa waziri, iliamua kituo kiondoke, na mwezi Aprili tangazo likatolewa. Mitambo ilifungashwa, ikapelekwa Madagaska kuendeleza kazi hiyo karibu na Antananarivo. Tarehe 26 mwezi huohuo Tanganyika na Zanzibar ziliungana. Nchi mpya ilizaliwa wiki chache tu baada ya nafasi ya Zanzibar katika safari za kwanza za binadamu angani kumalizika.

Uamuzi wa Karume ulikuwa haki ya nchi huru, na serikali iliyotoka katika mapinduzi haikuwa na sababu ya kubeba mkataba uliosainiwa na wakoloni. Kinachosikitisha ni kitu kingine: kwamba sura hiyo yote, pamoja na mabishano yake ya kisiasa, imebaki kwenye majalada ya ng'ambo. Mtoto wa shule wa Mwanza anajifunza kuhusu Glenn kama jambo la Marekani. Haambiwi kwamba njia ilipita juu ya kwao na kwamba sauti iliyomjibu ilitoka Unguja.

Hata hivyo Kanda ya Ziwa inajua kutunza, na ushahidi uko kilomita chache mashariki mwa jiji la Mwanza, kwenye barabara ya Musoma, huko Kisesa. Hapo juu ya kilima ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora.

Mwaka 1963, mwaka uleule ambao Webb aliifuta safari ya Shepard, serikali ya Tanganyika ilifuta madaraka ya watemi. Usukumani hilo lilikuwa jambo zito. Kila utemi ulikuwa na ngoma zake za enzi, viti vya enzi, mikuki na mataji, vitu vilivyokabidhiwa kutoka mtemi hadi mtemi kwa vizazi. Ghafla havikuwa tena na kazi ya serikali. Vingeweza kuliwa na mchwa, kuuzwa kwa watalii au kuishia kwa wakusanyaji wa Ulaya, kama ilivyotokea kwa vitu vingi vya Afrika.

Bujora palikuwa na padri kutoka Quebec, Kanada, David Clement, wa shirika la Wamisionari wa Afrika. Alifika miaka ya 1950 na akajishughulisha na utamaduni wa Wasukuma pamoja na Wasukuma wenyewe, walioanzisha kamati ya utafiti kwa ajili hiyo. Kanisa la Bujora lilijengwa kwa umbo la nyumba ya msonge, na altare yake ikafuata umbo la kiti cha enzi. Makumbusho yakaanzishwa mwaka 1968. Banda la watemi lilitunza ngoma na viti. Banda jingine likatolewa kwa ngoma za kucheza, kwa ajili ya vyama viwili vikubwa vya Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao bado unawakusanya maelfu ya watu kila Juni katika sikukuu ya Bulabo. Kuna nyumba ya mhunzi, kuna nyumba ya mganga, kuna boma la Kisukuma na ghala zake.

Ngoma ya enzi na chombo cha anga ni vitu vya mbali sana. Ngoma ya Bujora ilikwishapigwa mbele ya watu kwa miaka, ngozi yake imelainika kwa mikono. 15B hakikutumika hata dakika moja kwa kazi kiliyoundiwa. Lakini vyote viwili vilinyang'anywa kazi kwa uamuzi wa serikali mwaka mmoja, na vyote viwili vipo leo kwa sababu kuna watu waliosema visitupwe. Bujora walisema hivyo bila fedha za Smithsonian.

Kuna historia moja ya ziwa ambayo bado haijapata banda lake, nayo ni ya meli. Mwaka 1900 meli ya William Mackinnon, iliyoundwa Paisley huko Scotland na kuletwa vipande vipande, ilishushwa majini Kisumu, kabla hata reli kutoka Mombasa haijafika ziwani. Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Usoga, Rusinga na nyinginezo. Katika vita vya kwanza vya dunia meli hizo zilibeba askari na mizinga, na Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza kutoka kwa Wajerumani. Baada ya vita zilibeba pamba, kahawa, ngozi, barua na harusi. Zilipochoka, nyingi zilikatwa vyuma chakavu au kuachwa zikioza ufukweni.

Victoria bado ipo. Iliundwa Scotstoun, Glasgow, katika karakana ya Yarrow, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu na kuunganishwa upya, ikaanza kazi mwaka 1961. Ilisimama kwa miaka kadhaa kwa uchakavu, ikafanyiwa ukarabati mkubwa, na Agosti 2020 ikarudi katika safari zake za Mwanza na Bukoba. Bandari ya Mwanza Kusini, Februari 2023, iliteremsha majini meli mpya na kubwa zaidi, MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Siku moja Victoria itastaafu kwa kweli.

Mfano wa la kufanya siku hiyo uko katika ziwa jingine, la mlimani. Katika Ziwa Titicaca, nchini Peru, kuna Yavari, meli iliyoundwa Uingereza mwaka 1862 na kupandishwa milima ya Andes vipande vipande kwa migongo ya nyumbu. Nayo ilichoka, nayo ilielekea kuwa chuma chakavu, hadi watu walipoinunua katika miaka ya 1980, wakaikarabati na kuifanya makumbusho huko Puno. Victoria inastahili gati la aina hiyo Mwanza, na kazi ya kuitayarishia haipaswi kungoja injini yake izime. Vitabu vya safari, michoro ya Yarrow, ratiba za zamani, tiketi na picha zinaweza kuanza kukusanywa sasa. Manahodha na mafundi wastaafu wanaishi Mwanza, Bukoba, Musoma na Kisumu, na wanakumbuka. Unguja nako wapo wazee waliokuwa vijana wakati antena zinasimama Tunguu. Wenye umri wa miaka 20 wakati ule sasa wamepita 80. Vinasa sauti vipo katika kila simu, na vyuo vikuu vipo pande zote mbili za bahari. Mahali pa kuanzia, kwa Mwanza, ni ukumbi mmoja wenye ramani ukutani: meli chini, na juu yake mstari unaotoka Kano, unaokatiza ziwa na kuishia Tunguu.